Kilichotamkwa na Kilichosemwa

Katika miaka ya 930, mjini Baghdad, waziri Ibn al-Furat aliwakusanya wanazuoni barazani kwake akauliza nani kati yao anaweza kumkabili Matta bin Yunus. Matta alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Nestori, mfasiri wa vitabu vya Aristotle na mwalimu mkubwa wa mantiki wa mji ule. Dai lake lilikuwa zito: pasipo mantiki, hakuna awezaye kupambanua kweli na uongo. Wanazuoni waliinamisha vichwa. Waziri alipowakemea, akasimama Abu Said al-Sirafi.

Huyu hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa mtu wa sheria na sarufi, aliyeandika sharhe kubwa ya kitabu cha Sibawayh, msingi wa sarufi ya Kiarabu. Asili yake ni Siraf, bandari ya Ghuba ambayo manahodha wake walifika mpaka pwani ya Wazanji. Al-Masudi, aliyesafiri na watu wa Siraf katika bahari hiyo, anakitaja kisiwa cha Qanbalu, ambacho watafiti wengi wanadhani ni Pemba. Kwa hiyo jina la al-Sirafi linatoka katika mji uliozoea kufanya biashara na watu wa lugha nyingi, jambo la kukumbukwa kwa sababu lugha nyingi ndizo zilizokuwa kiini cha ugomvi wenyewe.

Matta alianza kwa kusema kwamba mantiki ni mizani ya maneno: kwayo hujulikana lililo sawa na lililo kombo. Al-Sirafi hakumwacha apumue. Mizani, alijibu, hukupa uzito tu. Haikuambii kama ulichopima ni dhahabu au chuma. Kisha akaingia penye kidonda: mantiki hiyo ilitungwa na Mgiriki, kwa lugha ya Kigiriki, kufuata desturi za Wagiriki. Kwa nini Mturuki, Mhindi, Mwajemi na Mwarabu waifanye hakimu wao?

Jibu la Matta ndilo linaloifanya siku ile istahili kusimuliwa hadi leo. Mantiki, alisema, haichunguzi matamshi, inachunguza maana zilizomo akilini, na katika maana watu wote ni sawa. Nne na nne ni nane kwa kila taifa.

Ukilitazama vizuri jibu hilo, utaona limegawa usemi mmoja mara mbili. Upande mmoja kuna sentensi ya taarifa, ile ambayo vitabu vya shule huitofautisha na swali na amri: ina maneno, ina mpangilio wa maneno hayo, na daima ni ya lugha fulani. Upande wa pili kuna kile ambacho sentensi hiyo inakisema, kinachoaminiwa au kukataliwa, kilicho kweli au uongo. Wanamantiki wa leo hukiita proposisheni. Mtu akisema “Mama amenunua mbuzi”, msikilizaji mmoja anafikiria mnyama wa kuchinjwa na mwingine anafikiria kile kigoda cha kukunia nazi. Sentensi ni moja, yaliyosemwa ni mawili, na la kwanza linaweza kuwa kweli ilhali la pili ni uongo. Kinyume chake, “Juma amevunja kikombe” na “Kikombe kimevunjwa na Juma” ni sentensi mbili, lakini haiwezekani moja iwe kweli na nyingine isiwe. Na watoto wawili wakisema “Nina njaa”, wametamka maneno yaleyale bila kusema jambo moja, kwa maana mmoja anaweza kuwa anadanganya.

Al-Sirafi hakukubali kuangushwa na hesabu ya nne na nne. Laiti mambo yote yanayobishaniwa yangekuwa wazi namna hiyo, alisema, ubishi usingekuwapo. Na maana hizo za watu wote zinafikiwa vipi kama si kwa kupitia matamshi ya lugha fulani? Hapo akageukia silaha yake mwenyewe. Akamuuliza Matta kuhusu herufi wau, ile “na” ya Kiarabu: ina matumizi mangapi? Matta akasema hilo ni suala la sarufi, na mwanamantiki hana haja ya sarufi. Al-Sirafi akaanza kumhesabia: wau ya kuunganisha, wau ya kiapo, na nyinginezo. Msomaji wa Kiswahili anaijua moja kati ya hizo pengine bila kujua kwamba anaijua, maana ndiyo inayofungua neno “wallahi”. Kama mtu hajui herufi moja inafanya kazi gani, atajuaje sentensi nzima imedai nini?

Kisha akatega mtego. Kusema “Zaidi ni mbora wa ndugu” na kusema “Zaidi ni mbora wa ndugu zake”, ipi ni sahihi? Matta akajibu kwamba zote mbili ni sahihi. La, akasema mwenzake: ndugu zake Zaidi ni watu wengine mbali na Zaidi, kwa hiyo hawezi kuwa mbora miongoni mwa kundi asilokuwamo. Na mapema zaidi alikuwa amemkumbusha Matta kwamba hata Kigiriki chenyewe hakijui. Ilikuwa kweli. Matta alifasiri kutoka Kisiria, yaani alipokea maana zilizokwisha kubadilishiwa nguo mara moja.

Habari hizi zimetufikia kupitia Abu Hayyan al-Tawhidi, mwanafunzi wa al-Sirafi, kwa hiyo si ajabu kwamba mwalimu wake anashinda kila raundi. Lakini hata kwa masimulizi ya upande mmoja, hoja ya Matta haikufutika. Yahya bin Adi, mwanafunzi wake, aliandika risala nzima juu ya tofauti ya mantiki na sarufi ya Kiarabu. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliipanga kwa utulivu zaidi: sarufi hutoa kanuni za maneno ya taifa moja, na mantiki hutoa kanuni za yale yanayoshirikiwa na maneno ya mataifa yote.

Kwa Wagiriki wenyewe jambo hili halikuwa limenyooka. Aristotle aliona kwamba si kila sentensi hubeba kweli au uongo. Dua ni sentensi, lakini hakuna amwambiaye mwombaji kwamba dua yake ni ya uongo. Hata hivyo ukweli aliubandika kwenye sentensi yenyewe, na akakubali matokeo yake bila wasiwasi: “amekaa” ni kweli mtu akiwa kitini, na akisimama maneno yaleyale yanageuka uongo, ingawa hayajabadilika hata herufi.

Waliokwenda hatua mbele ni Wastoa wa Athens, hasa Chrysippus, aliyeongoza shule hiyo katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba aliandika zaidi ya vitabu 700. Hakuna hata kimoja kilichosalia kizima, na hayo tunayoyajua tumeyaokota kwa wengine. Wastoa walisema kuna vitu vitatu: sauti inayotamkwa, kitu kinachotajwa, na kati yao kuna “lekton”, kile kinachosemeka. Ushahidi wao ulikuwa rahisi. Mgiriki na mgeni asiyejua Kigiriki wanasikia sauti moja na wanaweza kumwona mtu mmoja anayetajwa, lakini mgeni hakuna alichokipata. Basi alichokikosa si sauti wala si mtu. Seneca, akiwaeleza Warumi fundisho hilo, alitoa mfano wa Cato anayetembea: nikimwona, ninachokiona ni mwili, lakini nikisema kwamba Cato anatembea, ninachokisema si mwili, ni tamko juu ya mwili.

Kwa Wastoa, ambao walishikilia kwamba vilivyopo hasa ni miili, kukiri kitu kisicho na mwili kulikuwa kumeza mfupa. Waliumeza. Tena walikifanyia lekton uchunguzi ambao hata leo unashangaza. Chrysippus aliuliza habari za Dion. Mtu akimwelekezea Dion kidole na kusema “Huyu amekufa”, anasema uongo, kwa kuwa Dion yu hai. Dion akifa, je, itakuwa kweli? Hapana, kwa sababu hakuna tena “huyu” wa kuelekezewa kidole. Kilichosemwa kimeangamia pamoja naye. Lakini “Dion amekufa” inabaki, na sasa ni kweli. Sentensi mbili juu ya mtu mmoja, na kifo kimoja kinaipa moja ukweli na kuitoa nyingine uhai.

Mambo hayo ya Wastoa Matta hakuyarithi. Rafu za Baghdad zilijaa Aristotle. Wala hayakuwa wazi kwa wanazuoni wa Paris ya karne ya 14, ambao ilibidi wavumbue upya kitu kilekile wakiwa na hofu ambayo Wastoa hawakuwa nayo.

Huko swali lilikuja kwa mlango wa teolojia. Mtu anapojua jambo, anajua nini hasa? William wa Ockham alikuwa amejibu: sentensi, hasa ile iliyomo akilini. Wengine walisema ni kitu chenyewe kilicho nje. Adam Wodeham wa Uingereza, na baada yake mtawa Gregory wa Rimini, aliyefundisha Paris mwaka 1343 na 1344, hawakuridhika na jibu lolote kati ya hayo. Kama kinachojulikana ni kitu tu, basi anayejua kwamba Mungu yupo na anayejua kwamba Mungu ni mwema wanajua jambo moja, maana Mungu ni mmoja. Gregory akasema kinachojulikana ni kile kinachoweza kuelezwa kwa sentensi nzima tu, si kwa neno moja.

Je, hicho ni kitu? Hapo ndipo moto ulipowaka. Si Mungu, na hakikuumbwa, kwa kuwa ilikuwa kweli tangu milele kwamba ulimwengu utakuwapo. Basi kuna kitu cha milele pembeni mwa Muumba? Gregory alijitetea kwa kugawa maana za neno “kitu” mara tatu, na katika ile finyu kabisa akakana kwamba ni kitu. Mwenzake Nicholas wa Autrecourt hakupata nafuu. Miongoni mwa kauli zake zilizolaaniwa yalikuwamo masuala hayohayo, na mwaka 1347 alilazimishwa kuyachoma maandishi yake hadharani mjini Paris.

John Buridan, katika chuo hichohicho, alichukua njia ya al-Sirafi bila kumjua. Hakutaka kusikia habari za vivuli vya milele. Kilicho kweli au uongo ni sentensi moja moja: hii niliyoitamka sasa, ile uliyoiandika jana, nyingine iliyomo akilini mwa fulani. Zisipoundwa, hazipo. Lakini akili yake ilikuwa kali mno kuficha gharama ya msimamo huo. Chukua sentensi “Hakuna sentensi ya kukanusha”. Mungu angeweza kuzifuta sentensi zote za kukanusha, na mambo yakawa kama inavyosema. Lakini yenyewe ni ya kukanusha. Ikitamkwa, imeshajipinga, isipotamkwa, haipo ya kuwa kweli. Kuna hali inayowezekana ambayo sentensi hiyo inaieleza barabara, na bado haiwezi kamwe kuwa kweli. Buridan alilikubali jambo hilo. Mpinzani wake angesema hapo ndipo panapoonekana kwamba kinachoelezwa na maneno yanayokieleza ni vitu viwili.

Karne zilizofuata zilipita upesi. Mantiki ilidharauliwa, na mahali pa proposisheni pakachukuliwa na hukumu ya akili: kitendo ninachokifanya ninapokubali kwamba jua limechomoza. Ilimhitaji padri mmoja wa Prague aliyepoteza kazi ili jambo lirudishwe barabarani.

Bernard Bolzano alizaliwa mwaka 1781 na alikuwa akifundisha dini katika Chuo Kikuu cha Prague. Mahubiri yake dhidi ya vita na dhidi ya ubaguzi wa matabaka yaliwavuta vijana na kuiudhi Vienna. Desemba 1819 kaizari alimwondoa kazini, akapigwa marufuku ya kufundisha na kuchapisha. Miaka mingi aliishi kwa hisani ya familia ya Hoffmann shambani kwao Těchobuz, Bohemia, akiandika. Kazi yake kubwa ya nadharia ya sayansi, juzuu 4, ilichapwa mwaka 1837 huko Sulzbach, Bavaria, nje ya mamlaka ya Austria, na walioitoa ni marafiki zake.

Humo alidai kwamba tuitenge sentensi iliyotamkwa, sentensi iliyofikiriwa, na kile alichokiita sentensi yenyewe kwa nafsi yake: dai la kwamba jambo fulani liko au haliko, liwe limetamkwa au la, limefikiriwa au la. Mfano wake ni mti uliotoa maua majira yaliyopita. Idadi ya maua hayo ilikuwa namba fulani. Hakuna aliyeyahesabu na pengine hakuna atakayeijua, lakini ipo kweli moja inayoitaja namba hiyo. Ukweli huo hauna kinywa wala hauna akili inayoubeba, na Bolzano hakuona sababu ya kuunyima jina la ukweli. Kuhusu sentensi kama “Ua hili linanukia”, iliyomtoa Aristotle jasho kidogo tu, alisema haijakamilika. Ukitia mahali na wakati, utapata jambo ambalo halibadiliki tena.

Kwa miaka 60 hivi karibu hakuna aliyekisoma kitabu hicho, hadi Edmund Husserl alipomsifu Bolzano mwaka 1900. Bolzano alifariki Desemba 1848. Mwezi mmoja na siku chache kabla yake, mjini Wismar, alizaliwa Gottlob Frege, ambaye angefika mahali palepale kwa njia yake mwenyewe.

Frege alikuwa mwalimu wa hisabati Jena na shabaha yake ilikuwa hesabu, si lugha. Katika kitabu chake cha mwaka 1879 aliweka sentensi mbili sambamba: Wagiriki waliwashinda Waajemi huko Plataea, Waajemi walishindwa na Wagiriki huko Plataea. Mkazo unatofautiana, alisema, lakini chochote unachoweza kukidhihirisha kwa kutumia ya kwanza utakidhihirisha kwa ya pili. Hivyo katika maandishi yake ya mantiki hazikuhitaji alama mbili. Baadaye alikiita kiini hicho wazo, na mwaka 1918 akaandika makala maalumu juu yake. Wazo la Frege halimo kichwani mwa mtu. Kama kanuni ya Pythagoras ingekuwa imo akilini, basi ningekuwa na yangu na wewe yako, na tusingekuwa na la kubishania.

Katika makala hiyohiyo aliigusa ile shida ya Chrysippus. Anayetaka kusema leo lilelile alilolisema jana kwa neno “leo”, lazima abadilishe neno, aseme “jana”. Kubaki na sentensi ileile kutamfanya aseme jambo jingine. Maneno hayatoshi peke yake. Saa ya kuyatamka ni sehemu ya kulieleza wazo.

Mabishano makali zaidi yalifanyika kwa barua. Novemba 1904 Frege alimwandikia Bertrand Russell kwamba mlima Mont Blanc, pamoja na theluji zake zote, haumo ndani ya wazo kwamba Mont Blanc una urefu unaozidi mita 4,000. Angeweza kuchagua mfano wa karibu na utawala wake, kwa maana mlima mrefu kuliko yote katika himaya ya Kijerumani wakati huo ulikuwa Kilimanjaro. Desemba Russell akajibu kwamba umo, na theluji zake zote. La sivyo, alihoji, tutakuwa tunajua mambo ya mawazo yetu tu na kamwe hatujui lolote juu ya mlima.

Russell alilipa gharama ya jibu hilo. Ikiwa proposisheni imeundwa na vitu vyenyewe, ile ya uongo imeundwa vipi? Katika kitabu chake cha mwaka 1912 alimtumia Othello wa Shakespeare, anayeamini kwamba Desdemona anampenda Cassio. Upendo huo haupo. Basi Othello anaamini kitu gani? Russell alijaribu kuachana kabisa na proposisheni: kuamini, alisema, ni uhusiano kati ya mwenye kuamini na vitu kadhaa kimojakimoja, yaani Desdemona, kupenda, na Cassio. Mwaka 1913 kijana Ludwig Wittgenstein aliishambulia nadharia hiyo. Nini kinachomzuia Othello asiamini upuuzi, kama vile kwamba kupenda kunampenda Cassio? Russell aliuacha mswada aliokuwa akiuandika, na haukuchapishwa kamili hadi 1984, miaka 14 baada ya kifo chake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, W. V. Quine wa Harvard alikuja na shoka. Proposisheni, alisema, haina kipimo cha kutambulisha lini ni moja na lini ni mbili, na kisicho na kipimo hicho kisihesabiwe kuwa kipo. Mahali pake aliweka sentensi za kudumu: badala ya “Mvua inanyesha”, taja mji, tarehe na saa, uondoe nyakati za vitenzi, upate sentensi isiyogeuka. (Kitenzi cha Kiswahili hakivuliwi kiambishi cha wakati kirahisi hivyo, lakini hilo si kosa la Quine.) Ni Bolzano aliyepinduliwa: mahali na wakati vinatiwa ndani ya sentensi ili isibaki haja ya kitu kilicho nyuma yake.

Mwaka 1979 John Perry alionyesha kwa kisa cha sukari jinsi dawa hiyo isivyotosha. Dukani aliona michirizi ya sukari sakafuni, akamfuata mteja mchafuzi, akizunguka rafu ileile tena na tena. Alijua kwamba mtu fulani anamwaga sukari. Hata angejua kwamba John Perry anamwaga sukari, asingesimama kama angekuwa amesahau jina lake. Alisimama alipotambua “Ni mimi”. Sentensi ya kudumu, yenye jina, mahali na tarehe, isingemzuia kuendelea kuzunguka.

Quine alifariki mwaka 2000, na proposisheni hazikumfuata kaburini. Mwaka 2014 Jeffrey King, Scott Soames na Jeff Speaks walitoa kitabu kimoja cha pamoja juu yake. Wote watatu wanakubaliana kwamba zipo. Kwa King ni aina ya hali halisi zilizofungamana na lugha, kwa Soames ni aina za matendo ya akili, kwa Speaks ni sifa. Na sehemu moja ya kitabu wameitumia kukosoana.